Raha, Pumziko na Tumaini: Uhakiki wa Lugha ya Imani katika Biblia za Kiswahili

Makala haya yamekusudiwa kuchunguza maneno machache tu ya Kiswahili, nayo ni raha, starehe, pumziko, tumaini, imani, sala na maombi, jinsi yalivyotumiwa katika tafsiri mbalimbali za Biblia na katika ibada ya Wakristo wa Afrika Mashariki. Hatukusudii kutetea wala kupinga itikadi ya dhehebu lolote. Tunalotaka kujua ni jambo la lugha: Mkristo asemaye Kiswahili anapofundishwa kwamba imani yake huzidi kina kwa kusali, kwa kutulia na kwa kumtumaini Mungu, je, maneno anayofundishwa kwayo yanamfikisha huko, au yanampeleka njia nyingine? Wahakiki wetu wamejishughulisha sana na riwaya, tamthilia na mashairi, nao wamefanya vyema. Lakini Biblia wameiachia wanatheolojia, ijapokuwa ni nathari ya Kiswahili inayosomwa kwa sauti mbele ya hadhara kila Jumapili kutoka Mombasa hadi Kigoma, na ijapokuwa wengi wa wanafunzi wetu waliisikia kabla ya kumsikia Shaaban Robert. Kimya hicho cha wahakiki kimekuwa na hasara, na mojawapo ya hasara hizo ndiyo tunayotaka kuionyesha.

Hapana haja ya kurudia historia yote ya tafsiri hizi. Itatosha kukumbusha kwamba Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa mji huo, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Kwamba Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na Biblia nzima ya Kiunguja ikakamilika mwaka 1891, baada ya yeye kufariki. Kwamba Wakristo wa Mombasa walipata Biblia yao ya Kimvita mwaka 1914. Kwamba Karl Roehl alitoa Biblia yake mwaka 1937. Na kwamba ile iitwayo Union Version, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi kupita zote, ilitoka mwaka 1952. Katika miaka ya 1990 ikafuata Biblia Habari Njema, iliyotungwa kwa lugha nyepesi zaidi. Jambo la kuzingatia katika orodha hii ni yule kadhi. Tangu siku ya kwanza Ukristo wa Kiswahili uliazima kinywa cha mwanachuoni wa Kiislamu. Sala, imani, toba, dhambi, rehema, neema, roho: yote haya yalikwisha kusaliwa na kuaminiwa pwani kwa karne kadhaa kabla ya mmisionari wa kwanza kushuka jahazini. Maneno yaliyotumika hivyo hayaji matupu.

Tuanze na kupumzika. Kitenzi hiki ni cha Kibantu, nacho ni cha ukoo mmoja na pumzi na -pumua. Apumzikaye ni mtu anayezirudisha pumzi zake. Raha na starehe, kwa upande mwingine, ni za Kiarabu, tena za mzizi mmoja, na katika mzizi huo huo ndimo limo neno ruhu, yaani roho, pamoja na neno la Kiarabu la upepo. Basi Kiswahili kina koo mbili za maneno ya mapumziko, moja imetoka bara na moja imevuka bahari, na zote mbili zimefungamanishwa na pumzi. Ajabu ni kwamba Kiebrania nacho kina jambo hilo hilo. Katika Kutoka 31:17, panapoelezwa jinsi Mungu alivyoacha kazi siku ya saba, kimetumiwa kitenzi nafash, ambacho ni cha jamaa moja na nefesh, yaani nafsi au uhai upumuao. Mfasiri wa Kiswahili ana bahati ambayo mfasiri wa Kiingereza hanayo. Akitumia neno lolote kati ya hayo mawili, amekwisha kuigusa pumzi.

Je, ameitumiaje bahati hiyo? Union Version, katika Mwanzo 2:2, ilisema kwamba Mungu ali-starehe. Msomaji wa leo hushtuka. Kwake yeye starehe ni muziki, kinywaji na gharama. Sehemu za starehe ni mahali ambapo mchungaji hapaswi kuonekana. Lakini starehe waliyoijua wafasiri wale ni nyingine. Katika desturi ya pwani, mgeni aingiapo na mwenyeji akataka kuinuka ili amwachie nafasi, mgeni humwambia, “Starehe!” Maana yake: usijisumbue, kaa kama ulivyo. Ni neno la adabu kati ya watu wawili, wala si neno la mtu aliyejifungia na anasa zake. Kusema kwamba Mungu ali-starehe siku ya saba ni kumweka katika hali ya mwenye nyumba aliyeketi nyumbani mwake, naye hataki kuinuka tena. Kitenzi cha Kiebrania mahali hapo, shabat, maana yake ya msingi ni kukoma tu. Mfasiri alichukua hali njema badala ya kukoma, kisha hakutosheka, akaongeza maneno ya kuonyesha kwamba kazi iliachwa. Habari Njema imeweka -pumzika, na kwa hiyo imeondoa mshtuko. Pia imemwondoa mwenye nyumba. Mtu hupumzika kwa sababu amechoka, na ndilo swali ambalo watoto wa shule ya Jumapili huuliza mara moja: je, Mungu alichoka?

Mathayo 11:28-29 ni mahali pazito zaidi, kwa kuwa wengi wameijengea maisha yao juu ya aya hizo mbili. Katika Kiyunani, kitenzi cha aya ya kwanza na nomino ya aya ya pili ni vya shina moja, anapauo na anapausis, hata msikilizaji hawezi kukosa kusikia mwangwi. Union Version iliuvunja mwangwi huo. Ahadi ya kwanza iliwekwa kwa -pumzisha, na ya pili kwa raha. Mtu mwenye kupenda usahihi atalaumu. Mimi nililaumu zamani, na nimewafundisha wanafunzi kulaumu, sasa nasita. Kwa kuvunja mwangwi mfasiri amepata ngazi mbili. Ngazi ya kwanza imo katika kauli ya kusababisha: mchukuzi wa mizigo anapumzishwa, yaani anatendewa, hana analofanya ila kuja. Ngazi ya pili inakuja baada ya nira na baada ya kujifunza, na hapo raha haitolewi tena bali inapatikana, tena inapatikana ndani ya nafsi. Pumziko ni tukio, raha ni makao. Kwamba Kiyunani hakikusema hivyo waziwazi ni kweli. Lakini aya zenyewe zinakwenda njia hiyo, na Kiswahili kilikuwa na maneno mawili pale ambapo Kiyunani kilitumia moja. Hasara ni kwamba msomaji hatambui tena kwamba kilichoahidiwa na kilichopatikana ni kitu kimoja. Nadhani hasara hiyo ni ndogo kuliko faida, ingawa sitagombana na atakayepima tofauti.

Katika Waebrania, sura ya 4, suala ni jingine. Huko neno raha limerudiwarudiwa katika Union Version hadi limekuwa kama kiitikio, nalo linasimama badala ya katapausis, neno linaloweza kumaanisha pumziko na pia mahali pa kupumzikia. Katika aya ya 9 mwandishi wa Kiyunani anabadilisha neno ghafla, anatumia sabbatismos, kushika Sabato, ambalo halionekani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Union Version iliidumisha raha na kuiunganisha na Sabato kwa kihusishi. Habari Njema imeichagua pumziko. Sababu yake ni dhahiri: raha imeshuka cheo. Siku hizi watu hula raha, hujipa raha, huponda raha, na kijana wa Nairobi akisikia kwamba watu wa Mungu wamesaziwa raha huenda akafikiri mambo ambayo mtume hakuyafikiri. Hata hivyo pumziko nalo si neno safi. Mapumziko ni kengele ya saa nne shuleni, ni dakika za katikati ya mpira. Kisha kupumzika ni tafsida ya kufa. Ukimwambia mzee kwamba Mungu amemwandalia pumziko, anaweza kukuuliza kwa nini unamharakisha. Wakatoliki wa Kiswahili wao wamebaki na raha hata kaburini, nao humwombea marehemu raha isiyokoma, wala sijapata kumsikia mfiwa akiielewa vibaya. Hilo lanionyesha kwamba neno lililoshuka mtaani laweza kubaki juu ibadani, mradi ibada yenyewe iwe hai na imtumie mtu neno hilo wakati wa haja. Maneno hayaokolewi na kamusi.

Sasa tuje kwenye imani na tumaini, ambapo uhakiki wetu utakuwa mkali zaidi. Imani, -amini, amana, amani na uaminifu ni mzizi mmoja wa Kiarabu, nao ni ndugu wa mzizi wa Kiebrania uliotuletea amina. Maana yake ya kale ni uthabiti, kitu kisichotikisika. Tumaini asili yake ni Kiarabu vilevile, nayo ni hali ya moyo uliotulia baada ya kuhangaika. Msomaji wa Kurani atalikumbuka neno hilo la Kiarabu katika sura ya 13, aya ya 28, ambapo utulivu wa mioyo umefungamanishwa na kumkumbuka Mungu. Kwa asili yake, basi, kutumaini si kutazamia tu kwamba jambo jema litakuja. Ni kutulia tayari, kabla halijaja. Mafundisho yote yanayomhimiza Mkristo atulie na kumtumaini Mungu yamo ndani ya neno moja la Kiswahili, nasi tumekuwa tukilitafsiri upya kana kwamba tumelipokea kutoka ng'ambo. Isaya 30:15 katika Union Version ni mfano bora. Vitenzi vinne vimepangwa hapo kwa mfuatano, kurudi, kustarehe, kutulia na kutumaini, na kila kimoja kinakiandaa kinachofuata. Sijui kama mfasiri aliijua asili ya hicho cha nne. Sikio lake lilijua.

Roehl alikuwa na maoni mengine. Yeye aliona kwamba watu wa bara hawayaelewi maneno ya Kiarabu, na kwamba Kiswahili kinapaswa kurudishwa kwenye asili yake ya Kibantu. Alieleza msimamo huo katika jarida la Africa mwaka 1930, na Canon Broomfield wa misheni ya Unguja akampinga humo humo. Kwa jumla naona kwamba Broomfield alishinda, kwa kuwa huwezi kuliondoa neno roho au sala bila kuuondoa ulimi wa wale wanaolitumia. Lakini katika jambo moja Roehl alituachia hazina, na haki yake apewe. Mahali pengi ambapo wengine waliandika -amini, yeye aliandika -tegemea. Huyo ni ndugu wa -egemea. Mtu anayetegemea ameuweka uzito wake juu ya kitu, kikiondoka, ataanguka. Linganisha na Waebrania 11:1 katika Union Version, ambapo imani imefafanuliwa kwa hakika na bayana. Bayana ni neno la barazani kwa kadhi, ni ushahidi unaokata kesi. Hapo imani ni ya mtu aliyesimama wima akiwa na hati mkononi. Kwa Roehl imani ni ya mtu aliyechoka, aliyepata nguzo. Sisemi kwamba moja ni kweli na nyingine si kweli. Kiyunani cha aya hiyo chenyewe kina harufu ya mahakama. Nasema tu kwamba Mkristo aliyelelewa kwa bayana peke yake huweza kuidhania imani kuwa ni kazi ya kuthibitisha, na akikosa uthibitisho akadhani amekosa imani. Ni pigo kubwa kwetu kwamba Biblia ya Roehl haisomwi tena ila na wachache, na kwamba -tegemea mitaani limekuwa neno la mtu asiyetaka kujibu: “Inategemea.”

Kuna kosa jingine ambalo wafasiri wa zamani, pamoja na dosari zao zote, hawakulifanya mara nyingi kama linavyofanywa leo. Tazama vijitabu vya ibada vinavyotafsiriwa kutoka Kiingereza na kuuzwa milangoni mwa makanisa. Humo Mkristo hupumzika katika Bwana, hutumaini katika Mungu, huamini katika ahadi, na kila asubuhi hutenga “wakati wa utulivu”. Hiyo katika ni mzigo mtupu. Kiswahili kina kiambishi cha yambwa, nacho kinatosha: kumtumaini, kumtegemea, kumngojea. Silabi moja, m, imeketi ndani ya kitenzi chenyewe, haiwezi kutenganishwa nacho. Katika kumtumaini Mungu, yule anayetumainiwa yumo ndani ya tendo kabla hajatajwa. Katika kutumaini katika Mungu, amewekwa mbali, kama anwani kwenye bahasha. Wanasarufi hutwambia kwamba tofauti hizi ni za umbo tu. Katika ibada umbo ndilo linalozoewa na moyo, na moyo uliozoea katika utazoea umbali.

Na sala? Hapa madhehebu yamegawana maneno. Katika Kenya, Mkatoliki husali na Mprotestanti huomba, hata wakati mwingine waweza kumtambua mtu kanisa lake kwa kitenzi hicho kimoja. Tofauti ya sarufi ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. -Omba hudai yambwa mbili: nani anaombwa, na nini kinaombwa. Ndiyo sababu neno lilo hilo linafaa kwa barua ya maombi ya kazi, na kwa ombaomba wa njiani. -Sali halidai kitu. Mtu aweza kusali kutwa nzima, sentensi yake ikabaki kamili, bila kutaja haja yoyote. Ikiwa sala ni mahali pa kutulia mbele za Mungu, basi kitenzi kisichodai yambwa ndicho kiifaacho. Wala sisemi kwamba kuomba ni ibada ya daraja ya chini, maana Injili zenyewe zimejaa watu waombao na kupewa. Nasema kwamba kanisa lililobakiwa na maombi tu limepoteza kitenzi ambacho kingelikalisha kitako.

Upungufu huo waonekana katika mikesha. Mkesha wa maombi umekuwa desturi kubwa katika miji yetu, na lugha yake ni ya vita: kupambana, kubomoa, kushindana hadi alfajiri. Mkesha una msingi katika Maandiko, kwa maana huko Gethsemane wanafunzi walilaumiwa kwa kulala. Lakini Zaburi ya 127 inauhesabu usingizi kuwa kipawa cha Mungu kwa ampendaye, na mahubiri juu ya zaburi hiyo ni adimu usiku wa mkesha. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini aliyefariki mwaka 430, aliyafungua Maungamo yake kwa jambo la moyo usiotulia. Angetushangaa tukihesabu kutotulia kwenyewe kuwa ndiko imani.

Nyimbo nazo zahitaji neno moja, kwa kuwa ndizo zinazobaki kinywani. Ule wimbo wa Joseph Scriven juu ya Yesu kuwa rafiki, ambao aliutunga mwaka 1855 akiwa Kanada, umeimbwa kwa Kiswahili vizazi na vizazi, na mada yake ni hii hii yetu, kumpelekea Mungu mizigo kwa sala. Mizani zake ni 8 na 7, 8 na 7. Kipande cha mizani 8 ni cha nyumbani, ndicho cha utenzi. Mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na muziki unakubaliana nao. Kipande cha mizani 7 ni cha kigeni. Muziki unaikazia silabi ya mwisho, na Kiswahili hakina mkazo hapo, hivyo mwimbaji analazimika kuukokota mwisho wa kila mstari wa pili. Wimbo wa kutua mizigo unaimbwa kwa kujikwaa. Waumini wameupenda hivyo hivyo, na mapenzi yao ni hukumu iliyo juu ya yangu.

Nimeacha kwa mwisho mfano ninaouona kuwa bora kupita yote, ambao hauna neno sala, wala raha, wala imani kwa mfasiri kulitafutia hila. Ni Marko 4:38-39, Yesu akiwa amelala chomboni katikati ya dhoruba. Union Version ilimlaza katika shetri. Msomaji wa bara halijui neno hilo, na Habari Njema imeona heri kueleza tu kwamba ni sehemu ya nyuma ya mashua. Lakini baharia wa Mombasa anajua kwamba shetri ndiko akaako nahodha ashikaye usukani. Aliyelala hakulala mahali pa abiria. (Neno mto, aliloulalia, limewachekesha wanafunzi wa darasa langu mara nyingi, maana mtoto wa kando ya Tana humwona amelala juu ya maji; nimekwisha kukata tamaa ya kuwakataza.) Kisha anaamka, na kitenzi anachokitamkia bahari ni -tulia, kile kile ambacho Isaya aliwaambia watu. Matokeo yake yameitwa shwari, neno la wavuvi na manahodha, ambalo leo laulizwa kila kona ya Nairobi kama salamu, na ambalo tangu mwaka 2012 limekuwa pia jina la akiba na mikopo ya simu. Shwari halimaanishi kwamba upepo umeshindwa vita. Mvuvi aliyekaa pwani ya Kipini akiitazama bahari asubuhi hutamka neno hilo kwa sauti ya chini, kisha huanza kuvuta chombo chake majini.